Bi Shaka, Muuguzi Aliyepekua Mikoba

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya meno, muuguzi wetu mkuu anastaafu tarehe 30 Juni. Sisi tunamwita Bi Shaka, naye huitika.

Alianzia chumba cha kuchemshia vyombo. Akiambiwa koleo zimeshachemshwa, alizichemsha tena. Alipopandishwa cheo, aliisoma barua mara mbili, kisha akapiga simu ofisi kuu kuuliza kama kweli imetoka kwao. Mgonjwa akisema hatumii dawa yoyote, Bi Shaka humtazama kama askari anavyomtazama dereva aliyesahau leseni nyumbani. Halafu huomba kuona mkoba.

Miaka sita iliyopita, mimi ninayeandika nilimng'oa jino la nyuma mwalimu mmoja mstaafu. Lilitoka vizuri. Wiki nane baadaye kidonda kilikuwa bado wazi, mfupa wa taya unaonekana. Nikamwandikia dawa ya kuua vijidudu kwa mara ya tatu. Bi Shaka akanivuta kando.

"Daktari, hapa pana jambo."

Nilikasirika, nikidhani ananishuku mimi. Na kweli alinishuku: alikagua picha ya taya, koleo, hata mwandiko wangu. Aliponikuta sina kosa, akamgeukia mwalimu.

"Mama, unatumia dawa gani?"

"Mwanangu, nimeshasema, sinywi dawa."

"Hunywi, sawa. Je, unachomwa?"

Mwalimu akacheka. "Aa, ile ya mifupa? Hiyo si dawa, ni sindano tu. Kila miezi sita."

Sindano ile huzuia mifupa isilike, lakini inaweza pia kuuzuia mfupa wa taya usijitengeneze baada ya jino kung'olewa. Nami nilikuwa nimeshapanga kuukwangua wiki ile, jambo ambalo lingeuzidishia jeraha! Tulimpigia simu daktari wake wa mifupa, maana sindano kama hiyo haikatizwi hivihivi, kisha tukampeleka kwa mpasuaji wa taya. Ilichukua miezi kumi na mmoja, lakini kidonda kilifunga.

Tangu hapo fomu yetu inauliza: "Unakunywa nini, unachomwa nini, na nani alikupa?" Maneno ni yake.

Bi Shaka, asante kwa kutotuamini. Mumeo anasema bustani iko tayari. Tunajua utaikagua mwenyewe. Afya ikuandame, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na njema.