Waya wa Kujaribu Kwanza: Tunamuaga Daktari Polixeni, Hatukiagi Chumba Chake

Wandugu wa mapambano! Wanafunzi wa udaktari na uuguzi, wafagizi, wapishi, na ninyi wagonjwa mnaolisoma jarida hili mkiwa wima kwa sababu kukaa kunauma!

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Daktari Polixeni Tsanaktsidou anavua koti jeupe. Sheria ya umri imesema naye ametii, ingawa kutii hakukuwa tabia yake kamwe. Siku hiyohiyo chumba chake cha vipimo vya kibofu kitafungwa. Tangazo la utawala lililobandikwa kando ya lifti linasema kitafungwa “kwa muda”. Wandugu, sisi ni watu wa Thesaloniki. Wengine wetu tumekua, na wengine tumeota mvi, tukiyazunguka mabati ya ujenzi wa metro yaliyosimamishwa kwa muda. Tangu enzi za babu zetu husemwa hapa kwamba hakuna kinachodumu kama kilichowekwa kwa muda. Ndiyo maana wasifu huu una shukrani, na una haraka pia.

Mstaafu wetu ni mzaliwa wa Kalamaria, mjukuu wa wakimbizi wa Kigiriki kutoka Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, na sauti yake husikika ghorofa mbili chini. Alipofika kliniki hii, mwanamke aliyeumwa kibofu huku vipimo vikiwa safi alipigwapigwa begani na kuambiwa: “Mkojo wako hauna neno, bibi, nenda nyumbani ukapumzike.” Daktari kijana wa Kalamaria alisimama katikati ya kikao cha asubuhi akauliza: “Mkojo hauna neno, sawa. Na mwenye mkojo je?” Akaanza kulitafuta jibu mwenyewe, na hajaacha.

Jibu mojawapo lilikuja na kichocheo cha neva. Waya mwembamba hupitishwa katika tundu la mfupa ulio chini ya mgongo, ukafika jirani ya neva zinazosemezana na kibofu. Mkondo mdogo wa umeme huzituliza neva hizo zinapopiga kelele bila sababu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni waya wa majaribio, unaochomoza nje ya ngozi na kuunganishwa na kisanduku kinachovaliwa kiunoni. Mgonjwa hukaa nao siku chache, apime mwenyewe kama maisha yamebadilika. Ya pili ni kipandikizi cha kudumu: waya wenye vijino vya kujishikiza, na betri inayozikwa chini ya ngozi ya kalio.

Daktari Polixeni alishikilia kwamba hakuna mwili unaostahili kuzikiwa betri kabla haujaulizwa. Kwake, maumivu ya kibofu ni sugu na ya kinafiki: kuna wanaotulizwa na umeme, na kuna ambao umeme unawapita kama mgeni asiyejua lugha ya nyumba. Mwoka mikate mmoja wa mtaa wa Toumba alijaribu, hakupata nafuu yoyote. Waya ukachomolewa kama uzi wa kushikizia nguo, naye akarudi kesho yake na kapu la koulouri za moto, vile vikate vya duara vya ufuta, kushukuru kwamba hakupasuliwa bure. Daktari alilihesabu hilo kuwa ushindi, akatugawia koulouri akitamba.

Mpinzani wake wa miaka yote alikuwa mkuu wa kliniki, Profesa Asterios Gountis, na haki inatutaka tuseme kwamba hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Waya wa majaribio hauna vijino, huteleza. Ukiteleza, mgonjwa ambaye angepona huandikiwa kwamba hakupona. Kwa nini basi usiweke wa kudumu moja kwa moja, ukaipasua ngozi mara moja tu? Wawili hao waliligombania jambo hili kila asubuhi juu ya sahani moja ya bougatsa, andazi letu la krimu.

“Asterie, wewe unanunua nyumba kwa kuichungulia kutoka dirisha la basi!”

“Na wewe, Polixeni mwenzangu, utaishi hotelini mpaka kufa!”

Tuliopita na majalada mkononi tulijifunza hapo mengi kuliko katika ukumbi wa mihadhara.

Lakini kulikuwa na kosa, na ni kosa ambalo lingeweza kufanyika katika nchi yetu tu. Wagonjwa wengi waliukataa waya wa majaribio. Daktari alidhani wanaogopa sindano. Akachapisha vipeperushi vyenye picha. Wakavikunja wakajipepea uso. Ukweli ulifichuka mwezi uliopita, alipoingia Bi Zafiroula Bekiari, mwalimu wa muziki wa sekondari, ambaye hukatiza mazoezi ya kwaya yake kukimbilia choo, na akirudi hukuta wanafunzi wamekwisha kuivuruga hata sauti ya kwanza.

“Kwanza tutakuwekea waya wa muda,” daktari alianza, kama alivyowaanza wote.

“Wa muda?” Bi Zafiroula alirudi nyuma. “Daktari wangu, mama mkwe alihamia kwangu kwa muda baada ya tetemeko la ardhi. Jeneza lake lilitoka sebuleni kwangu. Usinitundikie waya kiunoni hadi uzeeni!”

“Sasa unataka nini, bibie?”

“Nizikie ule wa kudumu leo. Au niachie maumivu yangu, tumeshazoeana.”

“Nikikuzikia usiokufaa utanilaani.”

“Tena kwa sauti nne, na kwaya itaitikia. Lakini siwezi tena, unanisikia? Hata prova moja siimalizi!”

Daktari akalidaka neno hilo. Prova, kwetu, ni mazoezi ya kwaya. Prova pia ni pale fundi cherehani anapokuvisha nguo yenye pini ili aone inapobana, kabla hajaishona.

“Prova!” akapiga meza. “Basi hiyo ndiyo nikupayo. Si waya wa muda. Ni prova. Onyesho ni baadaye, tena ukipenda wewe.”

“Sasa si ungesema hivyo tangu asubuhi, mwanamke wee!”

Hivyo ndivyo neno moja lilivyofungua mlango ambao vipeperushi vyote vilishindwa kuufungua.

Juma hili waya uliingia. Kesho yake Bi Zafiroula akainua mikono kuiongoza kwaya, waya ukateleza. Profesa Gountis alifika mbio, uso unang’aa kama wa mtu aliyeingojea treni yake kwa miaka mingi. “Nilikwambia, Polixeni! Nilikwambia!” Naye akajibu: “Umeniambia, Asterie. Shika taa.” Profesa akashika taa. Wakaurudishia waya pamoja, na kwa mara ya kwanza hatukusikia hata mmoja akimtania mwenzake.

Na sasa? Safari za choo zimepungua. Usingizi umeongezeka. Kuhusu maumivu, mwenyewe anasema: “Yanabisha hodi. Mengine yanaondoka, mengine yanaingia.” Hii si ndiyo, wala si hapana. Jibu lake limepangiwa Alhamisi ijayo, na siku hiyo mtu anayejua kuuliza atakuwa amestaafu, na chumba kitakuwa na kufuli. Jina la Bi Zafiroula limekwisha kuhamishiwa orodha ya upasuaji wa kipandikizi cha kudumu, kabla hajasema neno. Profesa mwenyewe hakutuficha: “Sina daktari wa kukaa naye saa nzima. Nina chumba cha upasuaji tu.” Tunaiheshimu kauli hiyo kwa unyoofu wake, na tunaikataa kwa nguvu zetu zote. Mwanamke yule atabeba betri mwilini miaka na miaka, au ataondoka bila kitu. Vyovyote iwavyo, uamuzi uwe wake, si wa kufuli!

Daktari Polixeni, tumekwisha kukushukuru kwa kadi na kwa maua, na umetuambia maua yanakupigisha chafya. Basi pokea hili: umetufundisha kumtazama mgonjwa usoni kabla ya kutazama karatasi yake. Umetugombeza mbele ya watu, na ukatutetea kwa sauti ileile. Nenda kwenye mizeituni yako ya Halkidiki. Asubuhi zako ziwe ndefu, simu iwe mbali, bougatsa iwe yako peke yako, na afya isikupungukie. Umefanya kazi, iliyobaki ni yetu.

Wandugu, tunadai mambo mawili: nafasi ya Daktari Polixeni ijazwe na daktari wa kuajiriwa rasmi, na Bi Zafiroula asikilizwe kabla ya kisu. Daktari Marinos, msaidizi wa mstaafu wetu, amekubali kukaa na Bi Zafiroula saa nzima nje ya zamu yake, mradi mlango ufunguliwe. Bi Zafiroula ataingia akiwa na jibu ambalo hakuna hata mmoja kati yetu anayelijua, na pengine litatuudhi. Tutalikubali.

Tukutane Alhamisi ijayo, saa tatu kamili asubuhi, mlangoni pa chumba cha vipimo, ghorofa ya tatu. Njooni na makoti yenu, maana tutakaa humo mpaka Bi Zafiroula asikilizwe. Atakayechelewa atatukuta ndani.