Asali ya Shangazi na Kanuni za Matangazo

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu. Asifiwe huku mbele kwa wazee, na asifiwe hata kule nyuma karibu na mlango, kwa wale waliokaa tayari kutoka mapema. Nawafahamu. Benchi lile nililikalia mimi kabla yenu.

Kwa wasionijua, naitwa Yona, mtoto wa kaka yake Shangazi Naomi wa hapa Ulemo. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Lori la vitunguu lilipasuka tairi karibu na shule yetu, nikaenda kuangalia tairi linavyobadilishwa, na lori lilipoondoka nilikuwa juu yake. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuangalia. Nilikaa Nduguti nikichanganya zege wakati ofisi za wilaya zinajengwa, kwa sababu nilitaka kujua ukuta mrefu vile unasimamaje. Nilikaa Rungwa na warina asali, nikajifunza kwamba nyuki humwonea zaidi anayekimbia. Lakini muda mrefu kuliko wote nilizunguka minadani na kipaza sauti, nikiuza sumu ya panya na dawa za mizizi.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha mdomo. Mnadani husemi tu, "Hii ni dawa ya kiuno." Hakuna atakayesimama. Unamnyooshea mtu kidole. "Wewe mzee wa koti! Kiuno kinawaka moto, ukiinama kufunga kiatu mpaka uite jirani akuinue!" Mzee akicheka, watu wamesimama. Watu wakisimama, umeuza.

Ndugu zangu, ni kwa mdomo huo niliingia mtandaoni, na hapo ndipo mateso yalipoanza.

Shangazi na akina mama wenzake wa kikundi walikuwa wamenunua asali Rungwa, kwa warina niliowaunganisha nao mimi mwenyewe. Mnunuzi wa mjini aliyewaahidi kuichukua akapotea, simu hapokei. Ndoo zikajaa sebuleni kwa Shangazi hadi viti vikatolewa nje. Ukienda kumsalimu, ukishaitikiwa marahaba, unakaribishwa ndoo ukae. Mtu pekee aliyebaki kuitaka asali hiyo alikuwa dalali anayekusanya asali ya kutengenezea pombe, na bei yake ilikuwa matusi. Alipita siku moja, akagonga mifuniko ya ndoo kama anayepiga ngoma, akasema, "Mama zangu, mimi sina haraka. Mtaniita wenyewe."

Nikamwambia Shangazi, tusimwite. Tufungue ukurasa mtandaoni, tuweke tangazo la kulipia, asali ionekane mpaka Dodoma na Mwanza. Shangazi akaniuliza kama kazi hiyo naiweza. Nikamjibu kwamba mtu aliyeuza sumu ya panya kwa watu wasio na panya hawezi kushindwa na asali.

Tangazo la kwanza nililiandika kama ninavyotangaza mnadani: "Wewe unayesoma hapa, una vidonda vya tumbo, usingizi umekukimbia," na mambo mengine ambayo siwezi kuyataja mbele ya watoto wa Sandeskuli. "Asali ya Rungwa inaponya vyote!" Nikabonyeza. Sikumaliza hata kikombe cha chai. Jibu likaja: tangazo lako limekataliwa.

Nikasema labda wanataka ushahidi. Nikamwomba mzee mmoja jirani, ambaye mguu wake ulikuwa na kidonda, nikaupiga picha. Upande wa kushoto wa tangazo nikaandika "kabla ya asali". Upande wa kulia nikaweka mguu mzima usio na alama, nikaandika "baada ya asali". Nao ulikuwa mguu wake kweli, sikudanganya mwenye mguu. Ila ulikuwa ule mwingine. Likakataliwa.

Nikaacha magonjwa, nikageukia ukarimu. Sisi watu wa Singida tunajulikana kwa kuku, basi nikatangaza kwamba atakayechukua ndoo nzima atapewa na jogoo, na jogoo nikampiga picha amesimama juu ya ndoo, anapendeza kama mwenyekiti. Hilo nalo likakataliwa, eti wanyama walio hai hawatangazwi huko.

Nikadhani kuna mtu amekaa mahali, ameudhika na sisi. Palikuwa na sehemu ya kuandika malalamiko, nikamwandikia kwa heshima kama mkubwa anavyoandikiwa. "Shikamoo mkuu. Habari za huko na familia? Sisi Ulemo hatujambo, mvua ilichelewa kidogo ila alizeti zimesimama. Mkuu, kuhusu asali ya Shangazi." Nilikuwa sijaiweka simu mezani, jibu likaja kwamba uamuzi ni ule ule. Nikamwonyesha Shangazi.

"Shikamoo hakuitikia?" akauliza.

"Hakuitikia."

"Basi Yona, huyo hana malezi, au ana jambo na sisi. Lipeleke kwenye maombi."

Mnaikumbuka Jumatano ile. Simu iliwekwa hapo juu ya meza, na Mama Elinipa, kiongozi wetu wa maombi, akaiwekea mkono. Mama, usiinamishe kichwa, tulikubaliana nitalisema. Aliiwekea mkono wenye mafuta, akaushikilia hapo kwa nguvu, akakemea roho ya kukataliwa kuanzia juu ya simu hadi chini, nasi tukaitikia. Sote tulihisi kuna kitu kimetendeka. Na kweli kilitendeka. Nilipofuta mafuta kwenye kioo nikakuta lile tangazo la mguu limetumwa upya wakati tunasema amina, limekataliwa upya, na chini yake pameandikwa onyo: mmekiuka kanuni mara nyingi, mkikiuka tena ukurasa huu utafungwa na hautafunguliwa.

Mama Elinipa akasema, "Shetani amejibu haraka." Nikamwambia, "Mama, ni kidole gumba."

Hapo hatukuwa na mchezo tena. Ukurasa ukifungwa, asali yote ya akina mama inakwenda kwa dalali, na msimu wao wote unaishia kwenye pipa la pombe. Shangazi alikaa juu ya ndoo.

"Siku ya mnada nampigia dalali," akasema. "Na wewe, kila mahali ulipofika uliondoka. Hapa unaondoka lini?"

"Siondoki, Shangazi."

"Wanaosema hivyo huwa begi limeshafungwa."

Ndugu zangu, begi lilikuwa limefungwa. Lilikuwa nyuma ya mlango, na yeye alikuwa ameshaliona.

Sasa sikieni jinsi Bwana alivyotenda. Hakuniletea malaika. Alitumia ule ule ugonjwa wangu wa kutaka kujua. Nikiwa nasubiri usafiri wa kuondoka pale kwenye uzio wa zahanati, ambako mtandao unashika vizuri, nikaifungua simu nione kwa mara ya mwisho. Chini ya kila tangazo lililokataliwa palikuwa na mstari mdogo: soma kanuni. Sikuwahi kuubonyeza. Na ninyi hamjawahi, msiniangalie hivyo. Nikajiuliza, hivi huyu anayekataa kila kitu, kwani yeye mwenyewe anataka nini? Nikabonyeza.

Zilikuwa nyingi kama zile sheria za kale za wanyama wanaoliwa na wasioliwa. Nikakaa chini, nikasoma huku midomo inatembea. Usafiri ukaja ukapita. Nikakuta kuna vitu vilivyokatazwa kabisa: silaha, dawa za kulevya, tumbaku. Kuna vingine ambavyo havikukatazwa bali vimewekewa mipaka, kama pombe na dawa za hospitali. Hivyo vinaonyeshwa kwa watu wazima tu, na kwa kibali. Usiahidi uponyaji usioweza kuuthibitisha. Usiweke picha ya kabla na baada. Na kulikuwa na moja iliyonishika shati: usimwambie msomaji kwamba unajua ugonjwa wake.

Hiyo nikabishana nayo. Nikasema, mbona mnadani wanacheka? Kisha nikajaribu kufikiri: je, kama simu hii ingeniambia ghafla, "Wewe Yona uliyekaa kwenye uzio, uliyeacha shule darasa la sita, mwenye begi la kutoroka"? Ndugu zangu, niligeuka kuangalia nyuma. Hakukuwa na mtu ila mbuzi, na hata mbuzi nilimshuku.

Nikalibeba begi nikarudi kwa Shangazi, nikamsomea zote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi asali imenitoa kikohozi," akasema. "Unataka nidanganye kwamba haikunitoa?"

"Usidanganye, Shangazi. Nyamaza tu."

"Kunyamaza ni kukana."

"Siyo kukana. Hapa kanisani sema, hata kisimani sema. Lakini pale tunauza."

Akachokonoa mfuniko wa ndoo kwa kucha. Nilidhani ameudhika. Kisha akasema, "Kwa hiyo wanachokataa ni mimi kuuza ushuhuda."

"Naona ndivyo."

"Basi hapo wana haki. Kupona kwangu nilipewa bure, siwezi kukupimia kwa lita. Leta hiyo simu, nisemeje?"

Nikamwambia afanye kile kinachofanywa na kila mama wa hapa akiuza asali, maana mnunuzi wetu hanunui mpaka muuzaji ameilamba kwanza mbele ya macho yake. Tukatoka nje kwenye mwanga, nikaanza kumrekodi video kwa simu. Mara ya kwanza alilamba akasema, "Hii ni asali ya Rungwa, na kifua changu..." Nikasimamisha. Mara nyingine akasema vizuri mpaka mwisho, kisha akakohoa makusudi, akaonyesha kifua kwa kidole na kutabasamu. Nikasimamisha. "Sijasema neno," akajitetea. Jogoo naye alikuja akasimama juu ya ndoo, amezoea kupigwa picha, ikabidi afukuzwe.

Mwisho tukapata moja. Shangazi anachota kwa kijiko, analamba, anafumba macho kidogo. Anasema, "Hii ni asali kutoka Rungwa. Mimi nimeanza. Karibuni." Basi. Kwa mtu wa mnadani lile halikuwa tangazo, ilikuwa ni salamu tu. Nikalituma nikijua likikataliwa hilo ukurasa umekwenda. Mama Elinipa alikuwepo, akaomba akiwa ameikunja mikono yake kwapani.

Kesho yake, siku ya mnada, dalali alikuja bila kuitwa. Alikuwa ameinua mfuniko wa kwanza aone rangi ya asali, simu ikalia. Mama mmoja wa Dodoma, sauti ya mtu mzima. Shangazi akampa shikamoo, naye akaitikia. Akauliza, "Wewe ndiye yule unayelamba ukafumba macho?" Shangazi akajibu ni yeye. "Nami nataka kulamba," akasema yule mama, akaagiza. Simu ikalia tena, na tena. Dalali akaurudisha mfuniko taratibu. Akasema, "Mama, basi nami niuzie kidogo, ya nyumbani." Shangazi akamwambia akae kwanza. Hapakuwa na kiti, akakaa kwenye ndoo.

Leo sebuleni kwa Shangazi viti vimerudi. Begi langu lipo, limewekewa mahindi ya mbegu. Namshukuru Mungu, namshukuru Shangazi, namshukuru Mama Elinipa kwa maombi yake ya mikono kwapani, na namshukuru hata yule asiyeitikia shikamoo.

Ndugu zangu, najua mahali hapa anayeshuhudia huwa anasema, "Kuna mtu hapa ana mzigo fulani, namwona." Mimi siwezi tena. Sijui una nini, na sitakunyooshea kidole. Ninachojua ni kwamba nilikuwa natangatanga na sasa nimekaa, na Yeye aliyenikalisha bado ana nafasi. Mimi nimeanza. Karibuni.

Kuhusu asali yenyewe, Mchungaji amenikataza kuitangaza madhabahuni. Naye ana kanuni zake, na hizo nilimwomba anisomee kabla sijapanda hapa.