Maisha ya Mama Banda, Mlezi wa Wanyama wa Mtaa Wetu

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na nyinyi mliofika kwa sababu tu mbwa au paka wenu aliwahi kupona mikononi mwake, kwa niaba ya familia nawashukuru. Mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa, fundi viatu wa pale kona, na kazi hii ya kusoma nimepewa na yeye mwenyewe, kwa kuwa alidai katika ukoo wetu ni mimi peke yangu nisiyejua kupamba maneno. Aliniambia, "Usinisafishe, mdogo wangu. Maiti huoshwa mara moja, inatosha." Kwa hiyo nitasoma kama alivyotaka.

Marehemu dada yetu, ambaye nyote mlimwita Mama Banda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu wa mlinzi wa ghala la pamba na mkewe mshona magunia. Baba alilinda ghala hilo pamoja na mbwa wawili wazee, na dada alijifunza kusimama kwa kushika shingo ya mmoja wao, jambo ambalo mama alilisimulia kwa fahari na shangazi zetu kwa aibu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, ile iliyokuwa nyuma ya stesheni, akaimaliza mwaka 1974, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili, ambapo baba aliangukiwa na marobota ya pamba na kufariki, na ada ikakosa mtu wa kuilipa. Alikaa nyumbani akishona magunia na mama, kisha mwaka 1979 akapata nafasi katika chuo cha mifugo, akahitimu cheti cha uhudumu wa mifugo mwishoni mwa mwaka 1980.

Mwezi Februari 1981 aliajiriwa katika idara ya mifugo ya mji, akitazamia kupewa sindano ya kuchanja, akapewa mkokoteni. Wakati huo njia pekee ya kupunguza mbwa wazururaji ilikuwa sumu, vipande vya nyama vikitupwa alfajiri kwenye majalala na nyuma ya bucha, na kazi ya dada ilikuwa kupita kulipokucha kuokota mizoga kabla watoto hawajatoka kwenda shule. Wengine aliwakuta bado hawajafa. Aliniambia kwamba mbwa aliyekula sumu hafi upesi kama watu wanavyodhani. Nyumbani alinawa mikono mpaka ngozi ikawa inachubuka, na hata hivyo mama alimtengea sahani yake mwenyewe.

Tarehe 22 Agosti 1987 alifunga ndoa na seremala aliyekuwa akimtengenezea gurudumu la mkokoteni ule, mtu mcheshi, mrefu, ambaye kila alipoulizwa kuhusu ndoa yake alijibu, "Nimeoa mke mmoja, nikapewa mashemeji wenye mikia." Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1989, ambaye leo ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa mwaka 1992, ambaye ni dereva wa lori, na wote wawili wapo hapa mbele yenu.

Mwaka 1998 dada aliacha kazi ya mji. Alikwenda kwa majirani nyumba kwa nyumba, akiwaeleza kwamba mbwa ukimuua leo, kesho atakuja mwingine kushika jalala lake, lakini mbwa aliyechanjwa na kuhasiwa atalinda mtaa bila kuuambukiza kichaa cha mbwa wala kuujaza vijibwa. Wengine walimcheka, wengine walimpa mabati ya zamani, mwenye bucha akaahidi utumbo na mifupa, na shemeji akageuza karakana yake kuwa banda, vizimba vya mbwa upande wa ukuta, rafu za paka juu, na chumba kimoja cha pembeni, chenye mlango wake, kwa ajili ya kutenga mnyama mgeni mpaka ijulikane ana nini.

Mliofika pale mnakumbuka harufu ya pumba na utumbo vikichemka kwenye pipa, na dada akiwa amekaa kwenye kigoda, mbwa kapakatwa magotini, anachambua kupe mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Daktari wa mifugo alikuja Jumamosi kuhasi na kushona majeraha. Paka waliomwagiwa maji ya moto, mbwa waliogongwa na pikipiki, punda wa muuza maji mwenye kidonda cha mgongo, wote walipita pale, na si wote waliotoka hai, maana dada hakuwa mtu wa kumwacha kiumbe ateseke ili yeye aonekane ana huruma. Shemeji alifariki kwa homa ya ini mwaka 2005, na tangu hapo dada aliendesha banda akisaidiwa na majirani.

Sasa nafika mahali aliponiagiza nisiruke.

Mwezi Aprili 2010, mvua zilipojaza maji vizimba vya chini, banda lilifurika wanyama. Fundi cherehani, jirani yetu, alikuja kuomba mbwa mdogo kwa ajili ya mwanawe wa pekee, mtoto wa miaka saba, na dada akampa mmoja aliyeokotwa jalalani, ambaye siku zake za kutengwa zilikuwa hazijatimia, kwa sababu alihitaji nafasi. Mtoto alimwita mbwa huyo Kijiko. Haukupita muda Kijiko akafa, fundi cherehani akaja kutoa taarifa, na dada, akiwa ameinama juu ya kazi nyingine, akamjibu, "Pole, mama. Itakuwa minyoo." Hakuuliza kama mbwa yule alimng'ata mtu. Mtoto alikuwa ameng'atwa kidoleni, jino moja tu, na alikuwa amemficha mama yake, akiogopa kwamba akisema, Kijiko atarudishwa bandani.

Mtoto alianza kuumwa mwishoni mwa Juni, akiogopa maji na kushtuka hata kwa upepo wa feni, na tarehe 3 Julai 2010 alifariki. Kwa ugonjwa ule, dalili zikishatokea, daktari hana la kufanya zaidi ya kumshika mama mkono.

Siku ya pili watu walikusanyika langoni wakiwa na mawe na dumu la petroli. Dada alifungua lango mwenyewe, akaketi chini kizingitini, na walipomuuliza kama ni yeye aliyemtoa mbwa yule, akajibu, "Ni kweli. Ni mimi." Kovu lile juu ya jicho lake, ambalo kwa miaka yote aliwaambia wanawe kwamba aligonga mlango, ni la jiwe la siku hiyo. Dumu halikuwashwa. Lakini wiki ile ile ilitoka amri ya mji kwamba mbwa wote wa banda wauawe, na watu wa sumu wakaandaliwa.

Dada aliomba jambo moja tu, kwamba sumu isitumike. Alikwenda na daktari wa mifugo, wakafunga lango, akampakata kila mbwa magotini kama wakati wa kumtoa kupe, akimwita jina lake mpaka sindano ilipomaliza kazi, wazima na wagonjwa, wazee na wanaonyonya. Mimi nilichimba shimo. Alipotoka hakulia, aliniambia tu, "Wamenilamba mikono wote," akaingia ndani, na kwa mwaka mzima hakuvuka kizingiti cha nyumba yake. Kijana wake, aliyechoka kutukanwa njiani kwa ajili ya mama yake, aliondoka bila kuaga, akapanda lori la kwanza lililomkubali.

Mwezi Septemba 2011 fundi cherehani alibisha hodi. Mimi nilikuwapo, nikampa kiti, akakataa kukaa. Alisema, "Sijaja kukusamehe, usije ukanielewa vibaya. Mbwa wamejaa tena mitaani, hakuna anayewachanja, na jana mmoja kamng'ata mtoto wa mpangaji wangu. Mimi nimemkimbiza hospitali kwa sababu najua. Asiyejua je? Fungua banda." Fundi cherehani akaongeza, "Nitakushikia hao mbwa. Ninawaogopa, lakini nitawashika."

Na aliwashika, kwa miaka kumi na moja. Walichanja mtaa kwa mtaa, mmoja ameshika kamba, mwingine sindano, na kila mwenye mbwa aliyefika langoni aliulizwa kwanza, kabla hata ya salamu kukamilika, kama kuna mtu aliyeng'atwa, na kama yupo alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa hiari au kwa kuburutwa. Hakuna mgeni aliyetoka chumba cha kutengwa kabla ya wakati wake, hata mvua inyeshe vipi. Tangu hapo mtaa wetu haujazika mtu kwa ugonjwa ule. Wasidhani watu kwamba wakawa marafiki. Walikunywa chai kila mmoja na birika lake, na kila tarehe 3 Julai banda lilifungwa, bila yeyote kati yao kutaja sababu.

Mwezi Oktoba 2022 dada alianza kulalamika maumivu ya ubavu na kukataa chakula, akapelekwa hospitali ya mkoa, akagundulika kuwa na saratani ya ini iliyokwisha kusambaa. Binti yake alimuuguza nyumbani, na kijana wake alirudi mwezi Desemba, akaegesha lori nje, akalala sakafuni kando ya kitanda cha mama yake. Nilimsikia akimwambia, "Mama, nilikuwa na hasira." Naye akamjibu, "Ulikuwa na haki nayo, mwanangu. Umekula?" Alifariki tarehe 9 Februari 2023, asubuhi, akiwa na wanawe wote wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa kwa kutueleza ukweli mapema, daktari wa mifugo aliyejitolea Jumamosi zake, mwenye bucha, majirani waliochota maji na kulisha wanyama katika siku hizi za msiba, na nyote ambao hatukuweza kuwataja.

Fundi cherehani yupo pale, safu ya nyuma, na ndiye aliyeshona sanda hii. Nilimuuliza jana kama angependa niseme neno lolote kwa niaba yake. Aliniambia niwatangazie kwamba kesho asubuhi banda litakuwa wazi, mwenye mbwa amlete achanjwe.

Dada, nimesoma yote. Lala sasa, pumzika kwa amani.