Mashine ya Madame Jolie Haizimwi kwa Kilio

Madame Jolie Nzigire alizaliwa Nkanka tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Akilimali na Maman Nyiransabimana. Shule ya msingi alisoma hapo hapo, kisha akavuka mpaka kwenda sekondari Bukavu, na huko akasomea kemia. Mama yake alimuuliza hiyo kemia itapika nini. "Itapika mayi," akajibu, yaani maji. Nyumba nzima ilicheka, naye akacheka nao, lakini kemia hakuiacha.

Kuanzia 1996 alifundisha Kamembe. Tarehe 21 Agosti 1999 alifunga ndoa Cyangugu na Papa Vénuste, fundi umeme. Alimpenda, alisema mwenyewe, kwa sababu ndiye muntu wa kwanza aliyemwazima betri bila kuuliza ni ya nini.

Kila msimu wa palizi, kooperative ya Mururu, ushirika wetu wa wakulima, ilisuuza pompe za kunyunyizia dawa ya magugu, na maji yale yakateremka mtoni hadi ziwani. Mwaka 2019 Madame alikataa. Akaomba yamwagwe katika pipa moja, akatumbukiza vibao vya chuma, akaunga umeme. Likapanda povu la kijani kama kisamvu. Cassien, mpiga dawa, akachungulia.

"Madame, uko napika sombe?"

"Ndiyo. Na weye ndiye utaonja wa kwanza."

Chuma hakikutosha. Akatafuta vibao vya titani, akatia chumvi ili umeme upite vizuri. Na fikirini: umeme ule ule unaowasha balbu unaivunja dawa ndani ya maji, kipande kwa kipande! Maji yakawa meupe, yakanukia Javel, ile dawa ya kufulia. Papa Bashige, rais wa kooperative, akafurahi: "Mayi imepona. Tumwage mtoni."

"Papa, macho haipime dawa. Tuulize maharage."

Akamwagilia miche ya maharage kwenye kopo. Ikageuka manjano, ikafa. Akasema mbele ya wote kwamba kosa ni lake: chumvi ilizidi, ikazaa sumu nyingine. Akapunguza chumvi, akaacha umeme upite muda mrefu zaidi, akachuja kwa makaa, akapeleka chupa maabara Huye. Tangu hapo hakuna tone lililotoka kabla maharage hayajakubali.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2023. Wapo wanaonong'ona kwamba mashine hii ya pipa ndiyo iliyomla. Hapana. Daktari alisema moyo, na yeye mwenyewe alisema moyo. Inasemwa hapa, kwa sauti, ili isirudiwe njiani.

Jumatano tarehe 5 Novemba 2025 pipa lilikuwa limejaa na mawingu yalikuwa mazito. Aliiwasha mashine kwa mkono wake. Alhamisi alfajiri akatuacha.

Desturi yetu inajulikana: kwenye kilio jembe halishikwi, kazi inasimama. Papa Bashige alikuja na heshima zote.

"Pole sana, Papa Vénuste. Lakini mashine inanguruma kwenye kilio, batu batasema nini? Tuizime."

Papa Vénuste hakuinuka kitini. "Baseme. Tukiizima, mvua itafurisha pipa, na ile dawa itashuka nzima kwa ziwa. Ni kazi ya Jolie, na haiyaisha."

Papa Bashige alivua kofia, akaketi kando yake.

Basi hata sasa, tukiwa hapa kaburini, mashine inanguruma. Anayeilinda ni Cassien. Asilaumiwe kwa kutokuja. Yuko kwenye mazishi, ila yeye amesimama penye pipa. Itakapomaliza, maharage yatapandwa kwenye kopo, kilio kiwe kimeisha au hakijaisha.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Maman Nyiransabimana. Mume wake, Papa Vénuste. Watoto wake, Aurore na Dominique. Mjukuu mmoja, Gasaro. Na wanafunzi wa Kamembe ambao hawadanganyiki tena na maji meupe.

Madame, wewe pumzika kwa amani. Mashine, bado.