Wimbo Mzima Kwanza

Wazazi, na ninyi vijana muliokaa pale nyuma, asante kunipa nafasi. Ndugu mmoja ametoka kusema kwamba fanfari ya parokia, bendi yetu ya matarumbeta, inapotezea watoto wakati. Bon. Nitaeleza yangu, halafu mutaamua.

Zamani, waasi walipoingia Kisangani nilikuwa na miaka kumi na saba, mpiga tarumbeta wa fanfari, hapa hapa Mangobo. Walitukusanya, wakatuamuru tupige kila walipopitisha watu wa kuuawa. Siku moja, kati ya hao, alipita mwalimu wetu wa muziki. Alitutazama. Tuliendelea kupiga, bunduki zikiwa zimetuelekea mgongoni.

Kisha jeshi la serikali likachukua mji. Jirani yetu, jina sitalitaja, akanionyesha kwa askari: "Huyu alikuwa anapigia waasi muziki." Askari hakuuliza kitu. Alinipiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Muniangalie, musione haya. Meno ya mbele yote yaliisha pale, na tarumbeta haipigwi kwa ufizi. Mama alinilisha kama mtoto mchanga, na jirani alikuwa anapita mlangoni akitusalimia.

Ndugu zangu, nawaambia, nilianza kunoa mupanga. Nilinoa uani, polepole, ili asikie. Mama akaogopa, akamwita tonton, kaka yake, mvuvi wa Isangi. Alikuja na samaki wa moshi na gitaa lake. Hakunihubiria.

"Unataka kumuua?"

"Ndiyo, tonton."

"Bon. Mi siko padri. Jifunze kwanza wimbo moja, mzima, bila kukosea. Kisha mi mwenyewe nitakufungulia mulango."

Nilikubali kwa dharau. Nilidhani ni kazi ya siku chache. Nyuzi zilinikata vidole mpaka damu. Nilimtukana tonton, naye akajibu tu, "Umekosea pale katikati. Anza tena." Hasira ikipanda, vidole vinapotea. Donc, ili niende kuua haraka, ilinibidi nitulie. Munaelewa? Nilitulia kwa sababu ya kuua.

Mvua zikaisha. Mchana mmoja, tumetoka kula, nikaupiga wimbo wote. Tonton akasimama, akafungua mlango.

"Ahadi iko ahadi. Enda."

Jirani alikuwa uani kwake anapasua kuni, mgongo umenielekea. Nilikuwa namchukia vile vile. Lakini nilijikuta nikisema, "Tonton, ile sehemu ya mwisho nimekimbiza. Ngoja nirudie."

Tonton akafunga mlango, akaegemeza paji la uso pale, akalia.

Musifikiri nilisamehe. Yule mtu alikufa mzee, kitandani kwake, meno yake yote kinywani. Mke wake aliniomba nipige gitaa kwenye matanga. Nilipiga vizuri. Sikulia.

Namshukuru mama, aliyetoa kitenge chake cha ndoa ili nipate nyuzi mpya. Namshukuru tonton, amelala Isangi, kando ya mto. Bila wao, kijana wa umri ule angekuwa muuaji, au maiti.

Sasa, wazazi, hii vita ya juzi imetuachia watoto wanaojua kabisa aliyeua baba yao anakaa avenue gani. Tukiwaambia wasamehe, hawasikii, na mimi siwalaumu. Muwape kitu kigumu cha kujifunza, kinachotaka mikono yote miwili.