Ufunguo Tuliouacha Ndani

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Dkt. Lorna Thiessen, Mzee Ambrose, uliyetufungulia asubuhi hii kwa sala, wakuu wa vitivo na walimu wote, wazazi mlioendesha magari kutoka mbali na mizigo mpaka juu ya paa, wafanyakazi wenzangu wa dirisha la kompyuta, ambao nawaona mmekaa nyuma karibu na kahawa kama kawaida yenu, na ninyi wanafunzi wapya, ambao ndio wenye siku ya leo: nawasalimu wote.

Mimi naitwa Orest Pawluk. Shule yangu si kubwa, ni ya ufundi tu. Nasimamia dirisha la msaada wa kompyuta, pale chini ya maktaba. Kila mwaka siku kama ya leo husimama hapa nikawaeleza wageni namna ya kuanza: unafungua akaunti, unachagua paswadi, unaunganisha simu yako ili ukitaka kuingia mfumo ukutumie namba za kuthibitisha kwamba ni wewe, basi. Na kila mwaka humaliza kwa maneno yaleyale, kwamba ni rahisi, msiogope. Watu wanapiga makofi, tunakwenda kula.

Leo Dkt. Thiessen amenikaribisha kwa sifa. Amesema dirisha letu ndilo lenye kasi kuliko yote jimboni, na kwamba hakuna anayefunga matatizo ya wanafunzi haraka kama Orest na watu wake. Mheshimiwa, nakushukuru, na najua umesema kwa nia njema. Lakini sifa hiyo imenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na leo naomba ruhusa yako niuteme mbele ya watu. Nikizidisha muda, univumilie.

Niwaeleze kwanza tulivyokuwa tunafanya kazi. Mwanafunzi akikwama, anatuletea tatizo lake, nasi tunaliingiza kwenye mfumo wetu. Tunamjibu. Asiporudisha neno kwa siku tatu, mfumo wenyewe unalifunga tatizo lile na kuliandika neno moja: Limetatuliwa. Ukutani kwetu kuna ubao mkubwa wa kioo. Tatizo lililo wazi linawaka nyekundu, lililofungwa linawaka kijani. Ninyi mnaopenda kuona kazi imekwisha mtanielewa. Ile kijani ni tamu. Mtu unaizoea kama sukari kwenye chai.

Sasa, miaka sita iliyopita, Septemba, alikuja dirishani mwanamke mmoja anaitwa Delphine Sewap, ametoka Ziwa Wapan, kule kaskazini barabara ya lami inakoishia. Alikuwa na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja anavuta koti langu kupitia tundu la dirisha. Alikuja kusomea uuguzi. Wakati anasubiri alinieleza sababu, ingawa sikumwuliza. Alisema kwao wauguzi wanakuja kwa ndege, wanakaa wiki chache, wanaondoka, anakuja mwingine. Mama yake alikuwa mgonjwa na hakujua lugha nyingine ila Kikrii, lugha ya wenyeji wa kule, kwa hiyo kila muuguzi mpya alianza naye upya kwa kuonyeshana vidole. Akasema, "Mimi nataka niwe muuguzi ambaye hapandi ile ndege."

Nikamwambia vizuri sana, dada, tatizo lako nini?

Tatizo lake lilikuwa simu. Yeye na dada yake Rosalie walikuwa na simu moja. Alipojaza maombi kiangazi, aliandika namba hiyo, angeandika ipi nyingine? Alipokuja mjini simu ilibaki kwa Rosalie, kwa sababu ya mama. Basi kila Delphine akijaribu kuingia, namba za kuthibitisha zinakwenda kaskazini, na wiki zile Rosalie yuko porini na wawindaji, mahali mtandao haushiki. Nikamwambia, nimeelewa, nitakuandikia la kufanya. Nikamwandikia. Maelekezo mazuri, hatua kwa hatua, hata mtoto angeyafuata.

Baada ya siku mbili akarudi. Nayakumbuka maneno yetu, maana Garnet, yule mrefu pale nyuma, aliyasikia.

"Kaka, nimekuja tena."

"Dada, mbona nilishakuandikia?"

"Umeniandikia wapi?"

"Kwenye barua pepe yako ya chuo."

"Ile nisiyoweza kuifungua?"

"Fuata maelekezo niliyokutumia, utaifungua."

"Na maelekezo yenyewe yako wapi?"

"Humo ndani."

Akanitazama, halafu akacheka kidogo. "Kaka, yaani umeniachia ufunguo ndani ya nyumba, halafu ukafunga mlango."

Garnet alicheka. Nami nilicheka. Nilidhani ananitania, watu wa kaskazini ni watani wazuri. Nikamwambia, "Dada, kuna foleni nyuma yako," na macho yangu yalishahamia kwa mtu mwingine. Siku ya tatu tatizo lake likawaka kijani. Limetatuliwa.

Ndugu zangu, mwanamke alinieleza kosa langu kwa sentensi moja, kwa upole, kwa mzaha, mtoto yuko mgongoni. Ningehitaji elimu gani zaidi ya ile? Nilihitaji kusikiliza tu, na sikusikiliza, kwa sababu masikio yangu yalikuwa kwenye ubao.

Kama mjuavyo, au kama mtakavyojua wiki hii, hapa kwetu mwanafunzi lazima athibitishe masomo yake ndani ya mfumo kabla ya mwisho wa Septemba. Asipothibitisha, mfumo unamwondoa. Haumfukuzi mtu, unafuta jina tu, kimya kimya. Jina la Delphine likafutwa. Na kwa kuwa hakuwa tena mwanafunzi, ufadhili wa kwao ukasimama, na chumba cha wenye familia akatakiwa akiachie.

Hapo mtu anaweza kusema, Orest, ulikosea, nani hakosei? Ingeishia hapo nisingesimama leo. Lakini sikilizeni.

Oktoba kazi inapopungua, tulikuwa tunakula mchana, mimi na Garnet, perogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, alizopika mama yangu. Nikawa napitia yale yaliyofungwa, kwa kujifurahisha tu, jinsi mtu anavyohesabu mbuzi wake jioni. Nikafika kwa Delphine. Nikasoma, nikasoma tena. Ndipo ule mzaha wake ukanifikia, umechelewa mwezi mzima. Kila aliyefungiwa nje ya akaunti yake tulimjibu ndani ya akaunti hiyohiyo, kisha tukamhesabia ukimya wake kuwa ni kuridhika. Wengi walijinasua wenyewe, wana marafiki, wana simu. Yeye hakujinasua.

Garnet akaniuliza, "Bosi, mbona umeacha kula?"

Nikamwambia, "Zimepoa."

Hazikuwa zimepoa. Muda wa kumrudisha mwanafunzi aliyeondolewa kwa kosa la chuo ulikuwa haujapita. Nilichotakiwa ni kupanda ngazi, nibishe mlango wa ofisi ya usajili, niseme: mrudisheni huyu, kosa ni letu. Basi. Lakini wiki ileile tulikuwa tunangoja kutangazwa dirisha bora la jimbo, na nilijua nikipanda ngazi zile, ile kijani yote itachunguzwa. Sikupanda. Nilijiambia ameshaondoka kwao, haina maana. Nikabadilisha utaratibu kimyakimya, tukaanza kuwauliza watu anwani nyingine ya kuwajibu. Na mnajua nini? Juu ya ile ya dirisha bora nikapewa tuzo ya pili, ya ubunifu. Nilipiga picha nayo. Nilitabasamu.

Miaka ikapita. Majira ya kuchipua mwaka huu mama yangu alilazwa. Akagoma kula. Umri umemrudisha kwenye lugha ya utoto wake, Kiukraini tu, hata mimi namjibu kwa kigugumizi. Akapangiwa muuguzi mmoja, binti wa mashamba ya kwetu, akamsemesha maneno mawili ya nyumbani, na mama akafungua kinywa akala. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari langu. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kitu ambacho Delphine Sewap alikuwa anakitaka, na mimi ndiye niliyekizuia.

Julai nikaendesha mpaka Ziwa Wapan. Kule duka ni moja. Aliyekuwa kwenye kaunta akaniuliza bila kuinua macho, "Unataka mafuta au chambo, mzee?"

"Namtafuta Delphine Sewap."

"Umempata. Kama unauza bima, hayupo."

"Naitwa Orest. Wa dirisha la kompyuta, kule chuoni."

Akaendelea kupanga makopo yake. Kisha akageukia nyuma ya duka. "Rosalie, njoo umwone Limetatuliwa. Kumbe masharubu yameshakuwa meupe."

Rosalie akatoka anafuta mikono. "Huyu? Tangu lile neno lilipoingia kwenye simu, mimi siku zote nilidhani Limetatuliwa ni mashine."

"Hapana," Delphine akasema. "Ni mtu. Ndiyo maana iliniuma."

Nikamweleza yote, nimesimama hapo kati ya mitego na mikate, watu wanaingia wanatoka, yeye anawahudumia. Sikumficha ya Oktoba. Alipolisikia neno hilo aliacha kazi yake.

"Oktoba ulijua?"

"Nilijua."

"Oktoba nilikuwa bado mjini, kaka. Nilikaa kwa binamu yangu, tunalala sakafuni, mpaka theluji ya kwanza. Rosalie alikuwa ananiambia rudi nyumbani. Nikawa namwambia, ngoja kidogo, labda wataniita."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimejipoza kwa miaka sita kwamba alishaondoka. Kumbe alikuwa umbali wa mabasi mawili kutoka dirishani kwangu, anangoja mtu apande ngazi.

Nikamwambia nitakwenda kitivo cha uuguzi, nitasema kila kitu, watampokea. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema mama yao alifariki msimu wa baridi kabla ya huu uliopita. Muuguzi wa zamu alikuwa amefika jana yake. Rosalie ndiye aliyekuwa anatafsiri, na kuna mambo, alisema, mtoto hatakiwi kumtafsiria mama yake.

"Usiniulize leo habari za kurudi," akasema. "Labda siku nyingine. Leo usiniulize."

Nikamwomba msamaha. Hakunipa. Alinipa kahawa, akasema safari ni ndefu na kulungu wanavuka barabara jioni. Nilipofika mlangoni akaniita. "Lakini Septemba ukisimama mbele ya watoto wa watu, usiwaambie ni rahisi. Mimi niliposikia ni rahisi, nikadhani mjinga ni mimi. Ndiyo maana sikubisha zaidi."

Basi, wanafunzi wapya, naufikisha ujumbe niliotumwa. Si rahisi. Mifumo hii ilitengenezwa na watu wanaoamini kila mtu ana simu yake, mfuko wake na mlango wake. Kama simu uliyoiandika ni ya mama, ya kaka, ya shangazi aliyebaki nyumbani, usiondoke leo bila kupita kwetu. Tuna vifaa vidogo vya kuning'iniza kwenye funguo, vinatoa namba zilezile bila simu, ni bure. Na ukifungiwa nje, njoo mwenyewe. Nikikuambia kuna foleni, usiondoke. Niambie, Orest, nitazame.

Nanyi wazazi, mtoto akiwapigia akasema hajui kompyuta, mwulizeni kwanza nani alimjibu, na alimjibu wapi.

Dkt. Thiessen, zile siku tatu nimeziondoa. Kuanzia leo hakuna tatizo litakalofungwa mpaka mwenye tatizo aseme kwa kinywa chake kwamba limekwisha. Tutakuwa wazito. Mwakani sifa hii utampa mwingine, na huenda na kazi yangu pia utampa mwingine. Hilo liko mikononi mwako na sitalinung'unikia. Ile tuzo ya ubunifu nimeibandua ukutani. Iko ndani ya gari, sijajua niiweke wapi.

Na jambo la mwisho. Niliporudi kutoka kaskazini nililifungua upya tatizo la Delphine Sewap. Pale ubaoni, asubuhi kabla hamjaanza kuja, kila kitu kilikuwa kijani isipokuwa alama moja nyekundu. Garnet aliniuliza, "Bosi, hii ya mwaka gani? Niifunge?" Nikamwambia aiache. Kila asubuhi mfumo unanikumbusha kwamba kuna mtu nimechelewa kumjibu, na kila asubuhi nasoma jina lake. Mwenye haki ya kusema limetatuliwa ni yeye peke yake, na bado hajasema.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu, kitu ambacho mimi sikumpa yeye. Sasa nashuka kwenda dirishani. Anayetaka kuja, aje.