Bega la Kushoto la Rais Wistin Xerri

Marehemu Mheshimiwa Wistin Xerri, Rais mstaafu wa Malta, alizaliwa kijijini Qrendi tarehe 9 Februari 1938, mtoto wa tatu wa mzee Ċensu, mchonga mawe, na Bibi Ġuża, akasoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari na ualimu Valletta, akafundisha hesabu hadi mwaka 1971 alipochaguliwa mbunge, na baadaye akawa Waziri wa Maji.

Lakini wana Qrendi wanajua kazi yake hasa ilikuwa ipi. Tangu ujana wake, kila tarehe 15 Agosti, sikukuu ya kijiji chetu, alibeba sanamu ya Bikira Maria, akiweka begani mti wa kubebea wa mbele kushoto, nafasi aliyoachiwa na baba yake, na bega lile likaota nundu ambayo sisi huiita mkate, hata fundi akawa anamshonea makoti yenye nafasi upande mmoja. Tarehe 3 Mei 1964 alifunga ndoa na Bi Karmni, wakajaliwa mabinti wawili, Doris na Miriam.

Alipoapishwa kuwa Rais, akiwa na miaka sitini na mmoja, aliambiwa kwamba Rais ni wa vijiji vyote, habebi sanamu ya kimoja, basi siku ya sikukuu akawa anakalishwa jukwaani, naye akatii, kama alivyotia sahihi kila sheria aliyoletewa, ipendeze isipendeze, na Bi Karmni akimwona amenuna humtania, “Si ulitaka ukubwa? Kaa basi!” Muda wake ulipokwisha alirudi kudai mti wake, akakuta ameushika Clayton, fundi wa mafriji, aliyemwambia kwa adabu, “Mzee wetu, nafasi ni yako, lakini bega limelala, utatuangushia Mama.” Ni kweli, mkate ulikuwa umekwisha. Alilia mbele yetu.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019, akafariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, akiwa amemwomba mkewe jambo moja tu, abebwe na wabebaji wa Bikira, Clayton akae mbele kushoto. Familia iliiomba serikali, ikajibiwa kwamba Rais hubebwa na askari. Tukaomba basi tumbebe kwenye ngazi za kanisa tu, jibu likawa lile lile.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioiletea familia supu, walimu na wabunge wenzake, na askari hawa, ambao ni watoto wa watu na wametumwa. Sasa watamwinua, na Clayton na wenzake watafuata nyuma, mikono mitupu.

Lala kwa amani, Wistin. Tulitaka kukubeba.